Kuifuata Fosfeti Ndani ya Ubongo

Sinapsini ni protini inayokaa kwenye ncha ya seli ya neva, pale seli moja inapokaribiana na nyingine ili kupelekeana taarifa. Uzito wake ni daltoni 74,000 hivi. Kundi la fosfeti likibandikwa juu yake huiongezea daltoni 80 tu, nyongeza ndogo kiasi kwamba jeli tunayotumia maabara kutenganisha protini kwa ukubwa mara nyingi haionyeshi tofauti yoyote. Hata hivyo, kijisehemu hicho huchangia kuamua kama sinapsini itaendelea kuvishikilia vifuko vya kemikali ya mawasiliano au itaviachia vikafanye kazi. Kukitafuta kijisehemu hicho ndiyo kazi inayonipa mshahara.

Mimi ni mtu wa maabara. Nimekulia Tanga, nikasomea vipimo vya hospitali, na sasa niko katika maabara ya utafiti wa ubongo ya chuo kikuu kimoja kaskazini mwa Ulaya. Ndugu zangu wanaijua maabara ya malaria, sukari na wingi wa damu: unatoa tone, unasubiri kwenye benchi, unapewa karatasi. Hii ninayofanya sasa ni vigumu kuieleza kwa simu, na kwa muda mrefu sikuona haja ya kuieleza. Sasa naiona. Kingamwili (protini za kinga ya mwili) zinazotambua fosfeti kwenye protini za ubongo zimetoka kwenye meza za watafiti na kuingia kwenye vipimo vya damu vya wagonjwa, na watu wa kawaida wameanza kusikia habari zake bila mtu wa kuwaeleza zinafanyaje kazi na ziaminiwe kwa kiasi gani.

Tuanzie kwenye neva yenyewe. Ubongo wa mtu mzima una seli za neva zipatazo bilioni 86. Seli hizo hazigusani. Kati ya ncha ya moja na mwili wa nyingine pana mwanya wa nanomita 20 hivi; mianya milioni 50 ya namna hiyo ukiipanga mfululizo inatimiza mita moja. Pahali hapo panaitwa sinapsi. Mkondo wa umeme ukifika kwenye ncha, milango ya kalsiamu hufunguka, kalsiamu huingia, na baadhi ya vifuko vilivyojaa kemikali hupasukia kwenye mwanya. Kemikali huvuka, hunaswa na vipokezi vya upande wa pili, na taarifa inaendelea na safari yake. Yote hayo hutokea ndani ya milisekunde chache.

Sinapsi haifanyi kazi kwa nguvu ileile siku zote. Ikitumika sana yaweza kuimarika, ikitumika kwa namna nyingine yaweza kudhoofika, na wataalamu wengi wanaamini kwamba kujifunza na kukumbuka hutokana na mabadiliko hayo. Mabadiliko ya sekunde na dakika hayawezi kusubiri seli itengeneze protini mpya. Kwa hiyo seli huchukua protini iliyopo na kuibandika fosfeti mahali maalumu, na papo hapo protini hubadili umbo na tabia. Vimeng'enya vinavyobandika vinaitwa kinasi. Binadamu ana aina zaidi ya 500. Vinavyobandua vinaitwa fosfatasi. Makundi haya mawili yanafanya kazi kwa wakati mmoja, kila dakika ya uhai wetu, ndiyo maana hali ya protini yoyote ya sinapsi ni jambo la sasa hivi. Dakika tano baadaye inaweza kuwa nyingine.

Mambo haya hayakuanzia kwenye ubongo. Edwin Krebs na Edmond Fischer, wakiwa Seattle katikati ya miaka ya 1950, waliyaona kwanza kwenye misuli, walipokuwa wakichunguza kimeng'enya kinachovunja akiba ya sukari. Walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1992. Aliyeyaingiza kwenye ubongo kwa nguvu zote ni Paul Greengard, Mmarekani aliyezaliwa New York mwaka 1925. Mama yake alifariki akimzaa. Miaka mingi baadaye, alipopata Nobel ya mwaka 2000 pamoja na Arvid Carlsson wa Sweden na Eric Kandel, fedha zake alizitoa kuanzisha tuzo ya wanasayansi wanawake yenye jina la mama huyo, Pearl Meister Greengard. Nalitaja hili kwa sababu sijawahi kuona kitabu chochote cha kiada kikilitaja, na nadhani wasichana wanaosoma sayansi kwetu wangefurahi kulijua.

Greengard alipokuwa Chuo Kikuu cha Yale katika miaka ya 1970, watafiti wengi wa neva walishughulika na umeme. Yeye alisisitiza kwamba ndani ya seli kuna kemia inayochukua muda mrefu kidogo kuliko umeme, na kwamba kemia hiyo ni ya fosfeti. Yeye na wenzake walipata protini moja ya ubongo iliyobandikwa fosfeti kwa wingi wakaiita Protini I. Ndiyo hii tunayoiita sinapsini. Baadaye walipata nyingine, DARPP-32, iliyojaa kwenye seli zinazopokea dopamini, mojawapo ya kemikali za mawasiliano. Dopamini ikifika, DARPP-32 hubandikwa fosfeti kwenye asidi amino ya 34 katika mnyororo wake, na ikishabandikwa huizuia fosfatasi moja kubwa isibandue fosfeti za protini nyingine. Kwa hiyo ujumbe mmoja wa dopamini hugusa protini nyingi kwa mara moja.

Tatizo lao lilikuwa namna ya kuiona fosfeti. Njia ya wakati ule ilikuwa fosforasi yenye mionzi: unailisha seli, unaisubiri itumike, kisha unatafuta protini iliyoshika mionzi. Njia hiyo ilifaa na bado inafaa, lakini ilihitaji ulinzi mkubwa, na haikukuambia kwa urahisi fosfeti imekaa wapi. Sinapsini, kwa mfano, ina sehemu kadhaa za kubandikwa. Asidi amino ya serini iliyo kwenye nafasi ya 9 hubandikwa na kinasi za aina moja, serini ya 603 na kinasi ya aina nyingine inayoamshwa na kalsiamu. Kujua kwamba sinapsini ina fosfeti bila kujua ni sehemu ipi ni kujua nusu ya habari, na mara nyingine ni nusu inayopotosha.

Jibu lilitoka kwenye kinga ya mwili. Mwaka 1981 maabara moja ya Marekani ilionyesha kwamba mnyama anaweza kutengeneza kingamwili zinazotambua asidi amino ya tirosini iliyobandikwa fosfeti. Mwaka uliofuata Angus Nairn na wenzake, kundi la Greengard, wakaeleza kwenye jarida la Nature seramu (maji ya damu yenye kingamwili) iliyotofautisha protini moja ya ubongo ikiwa na fosfeti na protini ileile ikiwa haina. Mwaka 1991 kundi hilo likaeleza kwa kirefu njia ya kutengeneza kingamwili za namna hiyo kwa makusudi, kwa kuchagua sehemu unayoitaka. Njia hiyo, pamoja na marekebisho, ndiyo inayotumika hadi leo.

Inakwenda hivi. Unachukua kipande kifupi cha protini, asidi amino kumi hadi kumi na tano, zile zinazoizunguka sehemu inayobandikwa fosfeti. Mashine inakitengeneza kipande hicho kikiwa tayari kina fosfeti mahali pake. Kipande kidogo hivyo hakiwezi kuishtua kinga ya mwili kikiwa peke yake, kwa hiyo kinaunganishwa na protini kubwa. Inayopendwa sana hutoka kwenye damu ya konokono wa baharini wa pwani ya California. Mchanganyiko huo unadungwa kwa sungura, na baada ya majuma kadhaa anadungwa tena, na tena. Kisha damu kidogo inachukuliwa, mara nyingi kwenye mshipa wa sikio.

Seramu ya sungura huyo ina kila kitu: kingamwili dhidi ya konokono, kingamwili dhidi ya magonjwa aliyowahi kukutana nayo, kingamwili zinazoshika kile kipande chetu pasipo kujali kina fosfeti au hakina, na ndani ya wingi huo, chache zinazoshika pale tu fosfeti ilipo. Kuzitenga hizo chache ni kazi ninayoipenda kuliko zote. Seramu inapitishwa kwenye mrija uliojazwa chembechembe zenye kipande kisicho na fosfeti. Zile kingamwili zisizojali hunaswa hapo. Kinachotiririka chini kinapitishwa kwenye mrija wa pili, wenye kipande chenye fosfeti, na safari hii zinazonaswa ndizo tunazozitaka. Unaziosha, halafu unazibandua kwa maji yenye asidi kidogo, huku kwenye kila kichupa cha kukingia umeshatanguliza tone la kuipooza asidi hiyo kabla haijaziharibu. Unapata mililita chache za maji yasiyo na rangi. Ukiyatazama huwezi kuyatofautisha na maji ya bomba.

Kwa wale wanaouliza kwa nini sungura asumbuliwe kila mara, siku hizi kingamwili nyingi zinatengenezwa na seli zinazokuzwa kwenye chupa. Georges Köhler na César Milstein walionyesha Cambridge mwaka 1975 jinsi ya kupata seli inayotoa kingamwili ya aina moja tu bila kikomo. Kingamwili ya namna hiyo haibadiliki mnyama anapokufa. Kwa maoni yangu maabara zote zingefaa kuhamia huko.

Ukishapata kingamwili yako, unaiuliza nini? Mfano mzuri uko kwenye sinapsini. Mwaka 1985 Rodolfo Llinás na wenzake, akiwemo Greengard, walitumia ngisi, ambaye ana sinapsi kubwa kiasi cha kuweza kudungwa sindano. Walipodunga sinapsini isiyo na fosfeti kwenye ncha ya neva, mawasiliano yalipungua. Walipodunga sinapsini yenye fosfeti, hayakupungua. Kwa lugha nyepesi, sinapsini tupu huvibana vifuko vikae akiba, na ikipata fosfeti huviachia. Mtu akijua hilo, basi kingamwili inayotambua fosfeti ya sinapsini inamwonyesha kwenye kipande cha ubongo ni wapi akiba imekuwa ikifunguliwa. Kabla ya hapo angeweza kusema tu kwamba sinapsini ipo, na sinapsini ipo karibu kwenye kila sinapsi. Habari hiyo peke yake haina faida kubwa.

Upande wa pili wa mwanya kuna mfano mwingine. Kipokezi cha AMPA, kinachopokea kemikali ya glutameti, kina kijenzi kinachoitwa GluA1, na kijenzi hicho kina sehemu mbili zilizosomwa sana: serini ya 831 na serini ya 845. Maabara ya Richard Huganir katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Baltimore, ilitengeneza kingamwili kwa kila moja. Mwaka 2000 wao na wenzao walitoa habari nzuri kutoka kwenye hipokampasi, sehemu ya ubongo inayohusika sana na kumbukumbu. Sinapsi ambazo hazijaguswa zilipoimarishwa, fosfeti iliongezeka kwenye 831. Zilipodhoofishwa, fosfeti ilipungua kwenye 845. Kwa hiyo kuimarika na kudhoofika si safari moja ya kwenda na kurudi. Kila moja ina njia yake. Bila kingamwili mbili tofauti, jambo hilo lingebaki limefichika ndani ya jumla. Miaka mitatu baadaye walitengeneza panya ambao serini hizo mbili zimebadilishwa ili zisiweze kupokea fosfeti kamwe. Kudhoofika kwa sinapsi kulitoweka, kuimarika kulipungua, na kumbukumbu ya mahali ikawa na kasoro.

Panya hao wana faida nyingine ambayo nitaigusia punde. Kwanza niingie jikoni kwenyewe, maana hapo ndipo kazi hii hufaulu au hufa.

Fosfeti haikungojei. Mnyama akishakufa damu inasimama, nishati ya seli inakwisha, kinasi zinakosa cha kubandika, lakini fosfatasi zinaendelea kubandua. Wavuvi pale Deep Sea, Tanga, wanajua samaki anayekosa barafu mapema hawezi kurudishiwa ubichi wake sokoni. Fosfeti huharibika haraka kuliko samaki yeyote. Ndiyo maana zipo maabara zinazotumia mashine maalumu ya mawimbi ya maikrowevu, inayoelekezwa kwenye kichwa cha panya na kuzima vimeng'enya vyote kwa muda wa sekunde moja hivi. Sisi tunatumia naitrojeni kimiminika. Kila kitu kinapangwa kabla: vichupa vimeandikwa, ndoo ya barafu imejaa, dawa za kuzuia fosfatasi, floridi ya sodiamu na vanadeti, zimeshachanganywa kwenye maji ya kusagia. Wakati huo hatuzungumzi. Mwanafunzi mgeni huona kama tumegombana.

Kisha inakuja jeli. Protini zinatembezwa kwa umeme, ndogo zinatangulia, kubwa zinabaki nyuma, halafu zinahamishiwa kwenye utando mweupe. Kabla ya kumwaga kingamwili ni lazima utando ufunikwe kwa protini nyingine ili kingamwili isishike ovyo. Kwa kazi za kawaida tunafunika kwa maziwa ya unga yaliyoondolewa mafuta, yaleyale ya dukani. Kwa kingamwili za fosfeti maabara nyingi huyaepuka, kwa sababu kaseini, protini kuu ya maziwa, yenyewe imebandikwa fosfeti, na inaweza kuongeza kelele kwenye matokeo. Badala yake tunatumia albumini ya damu ya ng'ombe. Nimewaeleza hivyo wanafunzi wengi, na karibu kila mmoja hushangaa kwamba chai ya asubuhi ina kitu kilekile anachokitafuta kwenye ubongo.

Mwisho wa siku unapata mistari myeusi kwenye kioo cha kompyuta. Mstari wa juu ni kingamwili ya serini 845 yenye fosfeti. Chini yake ni utando uleule, au pacha wake, ukiwa umepimwa kwa kingamwili inayotambua GluA1 yote, yenye fosfeti na isiyo nayo. Mistari ya chini ikilingana na ya juu ikitofautiana, una habari. Mistari ya chini nayo ikitofautiana, ni lazima ufanye mgawanyo kwanza, maana huenda kilichoongezeka ni protini yenyewe. Nasisitiza hili kwa kila mtu anayeniletea picha ya mstari wa juu peke yake: picha hiyo haijasema kitu.

Halafu kuna swali la imani. Utajuaje kwamba kingamwili yako inaiona fosfeti kweli? Njia ya kwanza ni kuchukua sampuli ileile na kuimwagia fosfatasi, aghalabu ile inayotoka kwenye kirusi cha bakteria kiitwacho lambda. Fosfeti zote zinaondoka. Mstari ukitoweka, vyema. Ukibaki, kingamwili hiyo inaona kitu kingine. Njia ya pili ndiyo wale panya wa Baltimore: kwenye ubongo ambao serini 845 haipo, kingamwili ya 845 ni lazima inyamaze. Hakuna ushahidi ulio bora kuliko huo.

Watu wengi hawafanyi majaribio hayo. Wananunua kichupa, wanasoma karatasi ya muuzaji, wanaendelea. Kundi moja la watafiti lenye makao Montreal, liitwalo YCharOS, lilichukua kingamwili 614 za madukani, zilizotengenezwa kwa ajili ya protini 65, na kuzipima kwa kutumia seli ambazo protini husika imeondolewa kabisa. Walikuta kwamba kwa kila protini, kwa wastani, makala 12 hivi zilizokwisha kuchapishwa zilitumia kingamwili isiyoitambua protini iliyokusudiwa. Na hizo ni kingamwili za protini nzima. Za fosfeti zina mtihani mgumu zaidi, kwa sababu lazima zitambue protini na fosfeti na mahali, vyote vitatu kwa pamoja. Fedha za utafiti zinapotea, wanyama wanakufa bure, na mwanafunzi wa uzamivu anapoteza miaka yake akifuata mstari ambao haukuwa wake. Jambo hili linaniuma, hasa nikifikiria maabara za kwetu ambako kichupa kimoja kinaagizwa kwa miezi na kulipiwa ushuru.

Kuna kisa kingine kinachoonyesha jinsi muda wa kugandisha unavyoweza kupotosha taaluma nzima. Ndani ya seli za neva za mgonjwa wa Alzheimer, ugonjwa wa kusahau, hukutwa mafundo ya protini iitwayo tau, na tau hiyo imejaa fosfeti. Kwa miaka mingi ilifikiriwa kwamba fosfeti kwenye sehemu kadhaa za tau ni alama ya ugonjwa tu, kwa kuwa ubongo wa watu wazima wasio wagonjwa haukuonyesha chochote hapo. Lakini ubongo huo ulitoka kwa maiti, saa nyingi baada ya kufa. Mwaka 1994 watafiti wa Philadelphia walichunguza vipande vidogo vya ubongo vilivyotolewa kwa watu walio hai wakati wa upasuaji. Tau yao ilikuwa na fosfeti kwenye nyingi ya sehemu zilezile. Baada ya kifo, fosfatasi zilikuwa zimezifuta. Tofauti ya mgonjwa ilibaki kuwa ya kweli, kwa maana kwake fosfeti ni nyingi mno na haibanduki kirahisi, lakini picha ya "ipo kwa mgonjwa, haipo kwa mzima" ilikuwa imetengenezwa kwa sehemu na saa za kusubiri mochwari.

Protini nyingine ya sinapsi, alfa-sinukleini, ilileta habari iliyosimama imara zaidi. Kwa kawaida inakaa kwenye ncha za neva, karibu na vifuko. Kwenye ugonjwa wa Parkinson, ule wa mikono kutetemeka na mwili kukakamaa, hujikusanya kuwa mabonge ndani ya seli. Mwaka 2002 kundi la Takeshi Iwatsubo wa Tokyo lilionyesha kwamba katika protini iliyojikusanya kwenye ubongo wa wagonjwa, karibu asilimia 90 ina fosfeti kwenye serini ya 129, wakati kwenye ubongo wa kawaida ni asilimia 4 hivi. Tangu hapo, kingamwili ya serini 129 ndiyo wanayoitumia sana wataalamu wa magonjwa duniani wanapotafuta mabonge hayo kwenye kipande cha ubongo. Hapa pia kuna tahadhari: imeonekana baadaye kwamba seli za neva zenye afya, zikifanya kazi, huibandika fosfeti serini hiyohiyo. Fosfeti peke yake haimaanishi ugonjwa. Wingi, mahali na hali ya protini ndivyo vinavyosema.

Mwaka jana mama mkubwa alinipigia. Baba mkubwa amekuwa akiuliza jambo akajibiwa, na kabla chai haijapoa anauliza tena. Nilimwamkia, tukamaliza habari za nyumbani, ndipo akasema, "Mwanangu, kijana wa jirani kaniambia kimetoka kipimo cha damu cha ugonjwa wa kusahau. Si ndiyo kazi yako hiyo? Mbona hukutuambia?"

Ndiyo kazi yangu, kwa namna fulani. Mwezi Mei 2025 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliidhinisha kwa mara ya kwanza kipimo cha damu cha kusaidia kubaini Alzheimer, kilichotengenezwa na kampuni ya Fujirebio. Kinatumia kingamwili kunasa tau yenye fosfeti kwenye threonini ya 217, kinapima pia kipande cha protini ya amiloidi, ambayo hurundikana kwenye ubongo katika ugonjwa huo, kisha kinatoa uwiano wa viwili hivyo. Katika uchunguzi wa sampuli 499, kati ya waliopata jibu la "ndiyo", asilimia 91.7 walikuwa na amana za amiloidi kwenye ubongo kwa vipimo vikubwa vya picha au maji ya uti wa mgongo. Kati ya waliopata "hapana", asilimia 97.3 hawakuwa nazo. Baadhi walipata jibu lisilo upande wowote, chini ya mmoja kwa kila watano.

Kanuni ni ileile ya Nairn na Greengard ya mwaka 1982: kingamwili inayoshika pale tu fosfeti ilipo. Kilichobadilika ni uwezo wa kuipata ndani ya damu, ambako tau ni chache mno. Na masharti nayo hayajabadilika. Kipimo kimeidhinishwa kwa watu wa miaka 55 na kuendelea ambao tayari wana dalili, kikisomwa na daktari pamoja na vipimo vingine. Hakikukusudiwa mtu mwenye afya yake ajipime kwa hamu ya kujua, na jibu lake si hukumu.

Nilimwambia mama mkubwa hivyo, na nawaambia wasomaji wenye mzee wa namna hiyo nyumbani: msingoje kipimo hicho kifike, na msikubali kuambiwa kwamba ni uzee tu. Mpelekeni hospitali apimwe tezi ya shingo, vitamini B12, sukari, shinikizo la damu, VVU na kaswende, aulizwe juu ya huzuni na usingizi, na dawa zote anazomeza zipitiwe moja moja. Tatizo katika lolote kati ya hayo linaweza kuvuruga kumbukumbu, baadhi yanatibika kabisa, na vipimo vyake vingi vipo kwenye hospitali ya mkoa leo hii.